Nafasi ya Vidole Viwili

Tangazo lilibandikwa getini Jumatatu asubuhi, kwa gundi nyingi kuliko maneno. Mkasi alilikuta alipofika na ndoo yake, akaanza kuutazama muhuri, kwa sababu muhuri ndio alioweza kuusoma bila jasho. Shule alikaa miaka minne tu. Herufi alizijua mojamoja. Zikishikana mikono zilimkimbia.

"Hebu nisomee," alimwambia mlinzi wa geti, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Redio akakohoa kama mtu wa taarifa ya habari. "'Kwa wananchi wote. Kutokana na kuenea kwa ugonjwa wa unga mweupe katika Bustani ya Manispaa, kila mti na kila kichaka chenye dalili hizo kitang'olewa na kuchomwa moto siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Imebainika kuwa ugonjwa ulianzia kwenye mwaridi.' Halafu saini. Saini yenyewe imekula nusu karatasi, unaiona?"

"Ugonjwa?" Mkasi akaiweka ndoo chini kwa kishindo. "Ugonjwa gani? Hilo ni vumbi la plasta yao! Miezi minane wanakwangua kuta za ofisi yao kama wanatafuta hazina, vumbi lote linatua huku, leo wanasema ni ugonjwa. Tena wa mwaridi! Mwaridi umewakosea nini?"

"Mimi nimesoma tu, Mzee. Usimpige mjumbe."

"Imebainika. Nani aliyebaini? Lini ameingia humu, huyo Bwana Waraka, zaidi ya kupita na simu sikioni?"

Redio hakujibu, na kwa Redio kunyamaza ilikuwa dalili mbaya.

Mkasi alikuwa mtunza bustani ya manispaa kwa miaka ishirini na sita, na jina alilibeba kutokana na ule mkasi mkubwa wa kupogolea uliokuwa ukining'inia kiunoni mwake, mpaka hata mtu wa mishahara akamwandika hivyo. Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ukiingia getini unakutana na mwaridi mweupe, mnene, uliokwisha kupita kimo cha mtu. Nyuma yake vijiti viwili vinavyofanana kama mapacha, ambavyo havijawahi kutoa ua wala tunda. Kisha mzabibu uliolalia kibanda cha kupumzikia, mforsadi, mwaloni mchanga, mkaratusi kwenye kona, na mwisho kabisa, ukutani pa ofisi za manispaa, mkomamanga. Vitu vinane. Vyote vilipandwa na mkewe, yeye akichimba mashimo.

Na vyote vinane, sasa hivi, vilikuwa vyeupe kama vimepakwa unga.

Mkewe alikuwa mtu wa kitalu cha miche. Yeye ndiye aliyekuwa na shule. Watu walimwita Mama Vibao, kwa sababu hakuweza kuuacha mti bila jina: alikata vipande vya bati, akavilaza juu ya jiwe, akatoboa herufi kwa msumari, kidoti kwa kidoti, jina la mti, aina yake, mwaka, na mahali mche ulipotoka. Kisha akavifunga kwa waya kwenye shina. Kabla ya kusokota waya aliingiza vidole viwili, cha shahada na cha kati, kati ya waya na gome. "Mti unakua," alikuwa akisema. "Ukiufunga kwa saizi ya leo unaunyonga kesho."

Miaka miwili iliyopita alizidiwa na ugonjwa wa kifua, mchana kweupe, watu wakiwa wamejaa barabarani. Mkasi alikimbia mwenyewe mpaka manispaa kuomba gari la wagonjwa. Gari halikuwapo. Lilikuwa limekwenda kuchukua viti vya mkutano. Viti hamsini vya plastiki, vyekundu. Alivihesabu vikishushwa, kwa sababu aliambiwa asubiri vishushwe kwanza.

Wiki moja baada ya mazishi aliingia bustanini na koleo, akafungua waya mmoja baada ya mwingine, akaviondoa vibao vyote. Akavitia kwenye kopo la biskuti, kopo akalisukuma chini ya kitanda. Aliona hivi: majina hayo ni kazi ya mkewe, mkewe wamemwacha afe kwa ajili ya viti, basi hata jina moja hawatalipata bure. Wakitaka kujua mti gani ni upi, wajue wenyewe. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo bustani ilikuwa na miti minane isiyo na jina na mtunza bustani mmoja asiyecheka.

* * *

Jumanne alikuja mwanamke mmoja na begi la bluu begani. Umri wake haukuzidi wa binti yake Mkasi. Kumbe waraka wa kung'oa miti haukamiliki bila saini ya mtaalamu wa afya ya mimea, na huyo ndiye mtaalamu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja kuwasainia?"

"Nimekuja kutazama kwanza."

"Wa kwanza," alisema Mkasi. "Tangu wameanza kubaini, wewe ndiye wa kwanza kutazama."

Bwana Waraka, mkuu wa bustani na mazingira, aliwafuata akiwa amevaa viatu vinavyong'aa, akikwepa madimbwi ya maji ya Mkasi kama mtu anayecheza rede. Kwapani alibana ramani ya bustani. Mtaalamu akaikunjua juu ya benchi.

"Hii chemchemi iko wapi?" akauliza.

"Hiyo ilikuwa kwenye mpango," alisema Bwana Waraka.

"Na miti iko wapi?"

"Miti... si ndiyo hii?"

"Namaanisha kwenye ramani. Majina."

"Hayo ni mambo madogo. Unga unauona mwenyewe, dada yangu. Umeanzia hapa kwenye mwaridi, ukaruka huku, ukaruka kule. Tusipoung'oa utafika mjini kote. Nina kikao." Akaondoka, akiwaachia chemchemi yake.

Mkasi alisubiri mpaka viatu vile vikaishia getini. "Sasa wewe mwenye shule niambie. Hili si vumbi la plasta?"

"Wewe umelionaje?"

"Nalifuta kila asubuhi. Jani lile pale, la chini, nalifuta kwa kidole kila siku mwezi mzima. Linatoka. Kesho limerudi."

"Limerudi vipi? Limetapakaa, au limekaa kiduara?"

Mkasi akafikiri. "Kiduara. Linaanza kama tone la maziwa, halafu linatanuka."

Mtaalamu akatabasamu. "Vumbi halina adabu hiyo, Mzee wangu. Vumbi likitua linatua ovyo. Njoo uone."

Akatoa kioo kidogo cha kukuzia, kilichofungwa kamba, akamvika shingoni kama mtu anayemvika mtoto shati la shule. Akalichuma jani la mwaridi. "Kilete karibu na jicho kabisa. Siyo jani, kioo. Halafu jani ulilete taratibu."

Mkasi alifinya jicho moja. Mwanzo aliona ukungu tu, na kope zake mwenyewe. Kisha kitu kikakaa sawa, naye akashtuka akarudi nyuma nusu hatua. Ule unga haukuwa unga. Ulikuwa nyuzi, nyuzi nyeupe zilizosukana juu ya jani kama pamba iliyochambuliwa, na juu yake vimesimama vijiti vya shanga za kioo, shanga juu ya shanga, vikingoja upepo.

"Kiko hai," alisema.

"Kiko hai. Kinaitwa ubwiri unga. Ni kuvu. Mizizi yake midogo inaingia ndani ya ngozi ya jani na kunyonya, mwili wote unabaki nje. Zile shanga ndizo mbegu."

"Basi Bwana Waraka amesema kweli?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Amesema kweli kwamba ni ugonjwa. Lakini hapo aliposema umeruka kutoka kwenye mwaridi kwenda kwenye mzabibu, sijui kama miguu hiyo unayo." Akatembea mpaka kibandani, akachuma jani la mzabibu, akageuza, akatazama kwa muda mrefu. "Huu ni ubwiri. Ule ni ubwiri. Ukitazama kwa macho ni kitu kimoja. Lakini hawa viumbe wanachagua, Mzee. Wengi wao kila mmoja ana mti wake, au ukoo wake wa miti. Wa mzabibu ukimpeleka kwenye mwaloni anakufa njaa. Kwa hiyo tunaanza hivi: huu ni mti gani? Ukishalijua jina la mti, umeshika nusu ya jina la kuvu."

"Na nusu nyingine?"

"Darubini. Nitaileta kesho kwenye stoo yako; iandalie meza." Akafungua daftari. "Sasa niambie. Mwaridi naujua. Mzabibu naujua, mkaratusi nimeunusa. Ule pale?"

Mkasi alijua jibu liko wapi. Majina yalikuwa chini ya kitanda chake, yote manane, na aina na mwaka. Mdomo ukafunguka. Lakini akaviona viti vyekundu vikishushwa kimoja kimoja, na mdomo ukafumba.

"Mti tu," alisema.

"Na hivi viwili?"

"Miti."

Mtaalamu alimtazama. "Mimi nimezoea maabara. Jani linanifikia likiwa limebandikwa jina. Huku nje baadhi nayakisia, lakini kukisia hakuwekwi saini. Nikiandika 'haijulikani' kwenye fomu, kile kisichojulikana kinang'olewa. Ndiyo kanuni. Sikuitunga mimi."

"Hakuna anayezitunga," alisema Mkasi. "Zinaota zenyewe, kama huo ubwiri."

* * *

Binti yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba kilikuwa kimejaa nguo za watu zisizo na mikono bado. Jioni ile hakuinua kichwa baba yake alipoingia. Alikuwa na pini tatu mdomoni.

"Wanang'oa bustani ya mama yako," alisema Mkasi, akikaa juu ya rundo la vitambaa.

Pini zikatoka. "Nani?"

Akaeleza. Tangazo, ramani ya chemchemi, mwanamke wa begi la bluu, nyuzi na shanga. Alieleza kwa hasira, lakini alipofika kwenye kioo cha kukuzia hasira ilipungua bila yeye kujua, mikono ikaanza kuchora hewani. Binti akamwacha amalize.

"Kwa hiyo kinachotakiwa ni majina."

"Ndicho wanachotaka."

"Baba. Kopo liko chini ya kitanda chako."

Mkasi alidhani hakuna anayejua.

"Nafagia mimi humu ndani," alisema binti. "Au ulidhani vumbi linajifagia? Nimelifungua siku nyingi. Nilidhani umevichukua kwa ukumbusho, nikasema muache, ana huzuni. Kumbe umewanyima!"

"Nimewanyima, ndiyo. Walimnyima gari."

"Walimnyima. Na mimi sijasahau, nilikuwa nimemshika." Akageuza kiti chake kabisa. "Lakini mama hakumtobolea Bwana Waraka vile vibao. Bwana Waraka hasomi vibao. Alivitoboa ili mtu yeyote anayepita, hata mgonjwa, hata mlevi, ajue jina la mti uliompa kivuli. Wewe umewanyima hao. Na sasa unataka kuinyima na miti yenyewe. Ijumaa wakimaliza kuchoma, utakuwa na kopo la majina ya majivu. Utaridhika?"

"Usinipigie kelele, mimi ni baba yako."

"Sipigi kelele. Hiyo ni cherehani." Cherehani ilikuwa imezimwa.

Mkasi akainuka, akaenda chumbani, akasikika akipiga magoti na kuguna. Aliporudi alikuwa na kopo mkononi, na utando wa buibui kwenye nyusi.

"Nisomee," alisema. "Yote. Polepole, niyashike."

* * *

Jumatano mtaalamu alikuta stoo imefagiwa, meza imefutwa, na juu ya meza vipande vinane vya bati vimepangwa kwa mstari, kila kimoja na waya wake.

"Hivi vimetoka wapi?"

"Vilikuwa kwangu," alisema Mkasi, akitazama majembe. "Ni mimi niliyeviondoa. Nilikuwa na sababu zangu, nazo hazijaisha. Lakini chukua."

Mtaalamu hakuuliza sababu. Alikiinua kimoja, akapitisha kidole juu ya vidoti kama anasoma gizani, akasema taratibu, "Mzee wangu, aliyefanya hivi alikuwa mtaalamu."

"Mke wangu," alisema Mkasi, na ilibidi atoke nje kidogo kuangalia kama bomba limefungwa.

Vibao sita havikuwapa tabu. Mkasi hakusoma, alikumbuka: mwaloni ulipandwa siku jembe lilipovunjika mpini; mforsadi siku mkewe alipomcheka kwa kuchimba shimo la kuzikia ng'ombe. Vikabaki vibao viwili na vile vijiti viwili vya mapacha. Kibao kimoja kilisema mpichi, kingine mlozi.

"Upi ni upi?" aliuliza mtaalamu. "Majani yanafanana mno, matunda hakuna. Na ubwiri wao nimeutazama: nyuzi tu. Hauna vile vijinukta vyeusi, vifuko vya mbegu, ninavyovitumia kuwatambua kuvu hawa. Kitambulisho chake ni mti ulioukalia, basi."

Mkasi hakukumbuka. Siku hiyo walipanda vyote viwili kwa haraka, mvua ikiwafukuza. Alisimama katikati ya vijiti hivyo na vibao viwili mikononi, kimoja kulia, kimoja kushoto, na akaona jinsi alivyo mjinga: yeye na koleo lake, siku ile ya hasira, alikata kitu ambacho sasa hajui kukiunganisha.

Ndipo akautazama waya. Ulikuwa umekauka katika umbo lake, duara, na mahali mkewe alipousokota palikuwa na kona, moja kila ncha. Pete ya kibao cha mpichi ilikuwa kubwa, ya mlozi ndogo.

Akaizungusha pete kubwa kwenye shina la kushoto. Kona zilipokutana, waya ukaning'inia. Kiganja kizima kingepita. Akahamia kulia. Kona zikakutana, na waya ukalala juu ya gome, umetulia, bila kubana na bila kupwaya.

"Siyo huu," alisema mtaalamu. "Umebana. Mtu hafungi hivyo."

"Ndiyo huu." Mkasi alijaribu kuingiza kidole, hakikuingia. "Yeye aliacha vidole viwili. Ulipofungwa ulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Huu ni mwaka wa tatu. Mti umeijaza."

Akaichukua pete ndogo, akaijaribu kushoto. Ikalala vilevile. Nafasi aliyoiacha marehemu ilikuwa imejaa mti.

Mtaalamu aliandika kwenye daftari, kulia mpichi, kushoto mlozi. Kisha alisema, "Twende kwenye darubini. Nawe utatazama."

Alitazama. Siku mbili nzima alitazama, bustani ikimwagiliwa maji na Redio, ambaye alimwagia zaidi viatu vyake. Chini ya jani la mforsadi kulikuwa na vijinukta vyeusi vyenye miiba iliyonyooka, kila mwiba umevimba chini kama kichwa cha pini. "Kama pini za binti yangu," alisema Mkasi. Vya mzabibu vilikuwa na nywele zilizojikunja ncha kama sindano za kufumia. Vya mwaloni ncha ziligawanyika mbili, na mbili tena, kama pembe. Vya mwaridi vilikuwa na nyuzi ovyo ovyo, kama kichwa cha mtu aliyeamka sasa hivi.

"Na huu?" aliuliza mtaalamu, akiweka kipande cha jani la mkomamanga.

Mkasi akatazama. Akarekebisha. Akatazama tena. Hakuona nyuzi, hakuona shanga. Mawe tu, vibonge vyeupe vyenye kona, vimetapakaa ovyo.

Akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili meno yake yalionekana. "Plasta!"

"Plasta."

"Si nilisema! Redio! Njoo hapa! Plasta!"

"Mmoja kati ya minane, Mzee," alisema mtaalamu.

"Andika kwa herufi kubwa."

Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini. "Kuna jambo jingine, na halitakufurahisha. Mwaridi umeshambuliwa kuliko vyote, mpaka kwenye miiba. Nani anaulisha?"

"Mimi. Samadi kila wiki. Nao naukata kila baada ya siku chache uwe mviringo. Na nimeuwekea wavu upande wa barabara, watu wasiuguse. Ni... huo ndio alioupenda."

"Samadi nyingi inatoa machipukizi laini. Kuukata ovyo kunatoa mengine laini zaidi. Wavu unazuia upepo." Alisema polepole, kama mtu anayetoa mwiba. "Ubwiri unapenda hayo matatu kuliko kitu chochote. Umeupenda mno, Mzee wangu."

Mkasi alitafuta mtu wa kumlaumu. Alipitia orodha yake yote, tangu mtu wa mishahara mpaka wa juu kabisa, na wote siku hiyo hawakuhusika. Akakaa juu ya gunia la samadi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni kuvu. Wewe umemtandikia kitanda. Unaweza kukitandua."

* * *

Ijumaa saa nne kasoro walifika vibarua wawili na msumeno, na Bwana Waraka na viatu vyake. Binti yake Mkasi alikuwa amefunga duka, amekaa kwenye benchi na nguo ya mtu mapajani, anashona kifungo kama aliyekuja kwa hilo tu. Kwenye kila mti kilining'inia kibao cha bati.

Mtaalamu akamkabidhi Bwana Waraka fomu. Akaisoma akikunja uso zaidi kila mstari.

"Unaniambia ni magonjwa matano badala ya moja? Hiyo si ndiyo mbaya zaidi?"

"Matano yasiyotembeleana. Mwaridi, mpichi na mlozi ni ukoo mmoja, hapo ndipo pa kuangaliwa kwa pamoja. Mingine minne kila mmoja ana wake. Ukiung'oa mwaridi, mwaloni hautapona, maana haukuambukizwa nao. Dawa ni kupogoa, kupitisha upepo, kuokota majani yaliyoanguka na kuyachoma, na salfa kidogo asubuhi. Nimesaini hivyo."

"Na huu wa nane? 'PLASTA.' Kwa nini herufi kubwa?"

"Huo," alisema Mkasi, "unaponywa kwa turubai. Mlitundike kwenye ukuta wenu."

Mmoja wa vibarua akacheka, akajidai anapiga chafya. Bwana Waraka alitazama fomu, akamtazama mtaalamu, akatazama saa. Mtu asiyesoma mti husoma saini, na saini ilikuwepo. "Sawa. Tangazo litarekebishwa. Na hivi vibao vipelekwe ofisini, viingie kwenye faili."

Mkasi alisogea hatua moja. Binti akasimamisha sindano.

"Vibao havikai kwenye faili," alisema Mkasi. Hakupaza sauti. "Vilishakaa gizani miaka miwili kwa ujinga wangu, inatosha. Ukitaka kujua jina la mti, Mheshimiwa, mti uko hapa. Utakuja kwa miguu. Usomee hapohapo, na uchafue viatu."

Bwana Waraka aliinama, labda kuona tu kama bati linafaa kwa faili, akasoma kibao cha mforsadi mpaka mwisho, midomo ikitikisika. "Mwaka huo ndio nilioanza kazi hapa," alisema, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Kisha akaondoka na vibarua wake.

Kazi ya mwisho ilikuwa ya Mkasi. Alitoa wavu. Akachomoa ule mkasi kiunoni, akausafisha makali kwa kitambaa chenye dawa kama alivyofundishwa, akaukata mwaridi, tawi kwa tawi, mpaka ukabaki kimo cha goti. Binti aliyakusanya matawi meupe kwenye gunia. Alipomaliza, kibao cha mwaridi hakikuwa na tawi la kukaa. Akakitia mfukoni mwa shati.

Alikaa nacho mfukoni wiki sita. Samadi hakuweka hata kiganja, ingawa mkono ulimwasha. Kila asubuhi aliokota majani yaliyoanguka, akafungua kile kioo ambacho mtaalamu alikataa kukirudisha kwenye begi lake, akatazama shina, na nyuma yake akamsikia Redio akiwaeleza wapita njia kuwa mzee yule ni daktari.

Siku moja chipukizi lililoanza kama ncha ya kalamu lilikuwa limenenepa, limekuwa tawi, kijani kibichi chenye wekundu ukingoni. Mkasi alilichunguza juu na chini, jani kwa jani, akafinya jicho mpaka likatoa machozi. Nyuzi hakuna. Shanga hakuna. Kulikuwa na chungu mmoja tu, anapita zake.

Akatoa kibao, akazungusha waya. Akaingiza vidole viwili, cha shahada na cha kati, kati ya waya na gome, akasokota. Vidole vyake vilikuwa vinene kuliko vya marehemu, kwa hiyo nafasi ilitoka kubwa kidogo. Akaiacha hivyohivyo.